Uhakiki wa vitabu gazetini: maneno 600 yagawanywe vipi?

mtu_wa_Katuba
Jambo wote. Mhariri anataka uhakiki wa riwaya ya kurasa 250 kwa maneno 600, kila wiki mbili. Muhtasari uchukue kiasi gani? Na mwandishi akileta kitabu pamoja na bahasha? Lubumbashi hii watu wote wanajuana.

Kamalondo_msomaji
Jambo ndugu. Muhtasari usipite maneno 150, na usivuke theluthi ya kwanza ya kitabu. Ukitangaza nani anakufa ukurasa wa 230, umemlia msomaji pesa yake. Yale 450 ndiyo kazi yenyewe: kitabu kinajaribu nini, kwa njia gani, kinakwama wapi.

Soma mara mbili. Kwanza bila kalamu, kama mtu aliyekinunua. Ukurasa ukikushika, kunja ncha tu. Mara ya pili shika penseli, na kwenye karatasi andika namba na neno moja: "112 mazungumzo", "140 mvua tena". Mvua ikirudi mara nne, hapo una hoja.

"Lugha yake ni tamu" haisemi kitu. Nukuu sentensi moja uonyeshe utamu uko wapi: kwenye kitenzi, au pale sentensi inapokatika ghafla? Nukuu mbili fupi zinatosha.

Juu weka jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka, kurasa na bei. Bei usiisahau: kitabu kilichotoka Ufaransa kinafika hapa ghali, mtu anataka kujua kama atanunua au ataazima.

Ruashi77
Ukipewa PDF ya kabla ya kuchapwa, linganisha kila nukuu na kitabu chenyewe. Kurasa huhama, sentensi hufutwa.

Tena usipachike mji wetu mahali mwandishi hakuuweka. Fiston Mwanza Mujila kazaliwa Lubumbashi, lakini mji wa riwaya yake Tram 83 (2014) haukupewa jina hilo. Sema unakumbusha kwetu, kwa migodi yake. Ukiandika "riwaya inatokea Lubumbashi", umekosea.

yaya_wa_Kenya
Hiyo bahasha ni coupage, pesa ya kumlainisha mwandishi wa gazeti. Coupage ni coupage, hata ukiiita nauli. Kitabu pokea, ndicho chombo cha kazi. Pesa rudisha palepale. Na uzinduzi, nani alihutubia, bia zilikuwa ngapi, hiyo ni habari. Mwachie mwenzako wa habari.

Mwandishi akiwa shemeji yako, mwambie mhariri kabla hujafungua kitabu. Kibaya cha kijana aliyejichapia kwa pesa yake, mara nyingi heri kukinyamazia. Kibaya cha mwandishi mkubwa, hicho usikiache.

mtu_wa_Katuba
Aksanti, yaya. Ila kusoma mara mbili ndani ya wiki mbili?

Kamalondo_msomaji
Kurasa 50 kwa siku, siku 5. Mara ya pili siku 3, maana pasipo na ncha iliyokunjwa unapita mbio. Kuandika siku 2. Ilale usiku mmoja, kisha isome kwa sauti: pale pumzi inapokuishia, weka nukta. Siku 3 zinazobaki ni za umeme kukatika.