Udumavu wa watoto wa Nyanda za Juu Kusini: ni damu au ni chakula?

Mtafiti Chipukizi
Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili bila jazba. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao, lakini Iringa ni karibu asilimia 57, na kwa Njombe na Rukwa ni kama nusu ya watoto wote. Hii ndiyo mikoa inayoilisha nchi mahindi, viazi na maharage. Mimi nasoma baiolojia, na tunafundishwa kwamba tofauti za urefu kati ya watu hutokana na vinasaba kwa takriban asilimia 80. Je, haiwezekani kwamba watu wa huku ni wafupi kwa asili, nasi tunawapima kwa rula isiyo yao? Nauliza pia kwa sababu husemwa kuwa mtoto aliyedumaa huathirika akili, na sipendi kuona mkoa mzima ukihukumiwa hivyo ikiwa tatizo ni kipimo tu.

Muuguzi wa Makambako
Kipimo hicho kilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kufuatilia watoto wa Pelotas huko Brazili, Accra, New Delhi, Oslo, Muscat na Davis huko Marekani. Walichaguliwa watoto walionyonya vizuri, ambao mama zao hawakuvuta sigara na ambao nyumbani kwao hapakuwa na umaskini wa kuwazuia kukua. Mwarabu, Mhindi, Mwafrika na Mzungu walikua kwa urefu unaokaribiana mno. Miongoni mwa watoto wa namna hiyo, wawili au watatu kati ya 100 ndio huangukia chini ya mstari wa udumavu kwa sababu tu wamezaliwa na maumbile mafupi. Hao nawakubali. Iringa wamefika 57; je, hao wengine hamsini na kitu wametoka wapi? Isitoshe, mwaka 2015/16 Iringa ilikuwa kama asilimia 42 na Rukwa 56. Ilipofika 2022 Iringa ilikuwa imepanda na Rukwa imeshuka, na damu ya mkoa haigeuki kwa muda mfupi kama huo. Tukubali tu kwamba akina mama wa huku hawajui kulisha watoto: mtoto anapewa uji mweupe asubuhi, mchana na jioni, ilhali maharage yapo ghalani.

Mzee wa Kihesa
Kamwene, vijana. Nimewasoma wote wawili, na kilichonichoma ni hiyo habari ya akili. Watu wa Chifu Mkwawa walipolivizia jeshi la Kijerumani la Zelewski pale Lugalo, Agosti 1891, na kulishinda, hawakupungukiwa na akili, na chakula chao kilikuwa kilekile cha milima hii. Baadaye Mjerumani akachukua fuvu la Chifu wetu, likawa jambo la kuandikwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, wala halikurudi Kalenga hadi 1954. Sisi tunajua maana ya mgeni kushika kichwa cha mtu na kudai anajua kilichomo ndani. Kwa hiyo mtu akija na ubao wake, akamlaza mjukuu wangu, akasoma sentimita, kisha akaandika kwamba mtoto huyu hatafanya vizuri shuleni, lazima nimhoji.

Mtafiti Chipukizi
Shikamoo, Mzee. Hakuna aliyesema watu wa Iringa hawana akili, wala mtoto mmoja hahukumiwi kwa ubao. Kinachosemwa ni kwamba ubongo hukua kwa kasi kubwa tangu mimba hadi mtoto atimize miaka miwili, zile siku 1000 za kwanza, na kwamba utapiamlo wa wakati huo huugusa ubongo kama unavyoigusa mifupa. Hata hivyo bado sijajibiwa. Nyumba baada ya nyumba naona baba mfupi, mama mfupi, mtoto mfupi. Kama huo si urithi, ni nini?

Bwana Shamba wa Uyole
Ni urithi, kijana wangu, lakini si kila kinachorithiwa kimo katika jeni. Mama aliyedumaa utotoni huwa na mwili mdogo, na mwenye mwili mdogo huelekea kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo, ambaye naye atalelewa katika nyumba ileile, kwa uji uleule na maji ya kijito kilekile yanayomharisha kila mwezi. Ukiwapanga bibi, mama na mtoto utadhani unaiona damu, kumbe ni njaa iliyokaa nyumbani humo vizazi vitatu. Waholanzi, ambao leo ni miongoni mwa watu warefu kuliko wote duniani, katikati ya karne ya 19 walikuwa miongoni mwa wafupi wa Ulaya. Watoto wa Wamaya wa Guatemala waliokulia Marekani walipopimwa, walikutwa wamewazidi wenzao waliobaki kwao kwa takriban sentimita 10.

Ile asilimia 80 ni ya kweli, ila ilipatikana kwa kulinganisha watu, wengi wao mapacha, ambao karibu wote walikuwa wameshiba. Panda mahindi chotara ya H614 na mbegu ya kienyeji katika shamba moja lenye mbolea ya kutosha, na tofauti utakayoiona itakuwa ya mbegu. Panda H614 hiyohiyo pasipo mbolea, mvua ikatike mahindi yakiwa usawa wa magoti, na utavuna magunzi. Katika shamba hilo la pili, hiyo asilimia 80 huwezi kuitaja.

Mama Lupembe
Naomba nirudi kwa dada Muuguzi, maana neno lake limenikaa rohoni. Dada, makundi ya chakula tumefundishwa kliniki mpaka tumeyakariri. Najua karanga, najua dagaa, najua yai. Sasa nikueleze siku yangu ya msimu wa kupanda. Natoka nyumbani saa 11 alfajiri, na mtoto wa miezi minane anabaki na dada yake wa miaka saba. Uji namwachia kwenye chupa ya chai. Lazima uwe mwepesi, kwa sababu ukiwa mzito hautoki kwenye chupa, na ukiganda yule msichana sitaki awashe moto mwenyewe. Mtoto anashiba maji, analala, anaamka, anashiba maji tena. Narudi saa 12 jioni. Maharage yanataka kuni na saa tatu jikoni, na kabla hayajaiva mtoto amekwisha kulala. Hayo ya ghalani unayoyataja, ufunguo wake sina. Dalali akija, baba yao ndiye anayepima na ndiye anayepokea fedha. Mmeandika sana kuhusu mazingira, na hakuna aliyetaja saa za mama wala mwenye ufunguo.

Mkulima wa Ifunda
Dada yangu, pole kwa kazi, ila usituweke wanaume wote kapu moja. Maharage ninayouza ndiyo yanayonunua mbolea. Nisipoyauza Julai, Novemba sina cha kupandia, na hapo atakosa hata huo uji mwepesi. Mnaona ghala limejaa, hamuoni deni lililo juu yake.

Muuguzi wa Makambako
Kaka, habari ya mbolea nimeielewa. Lakini wakati wa ulanzi, hii pombe yetu ya mianzi, fedha ya kilabuni hupatikana kila jioni, na yai moja la mtoto halipatikani. Hilo nalo ni deni la mbolea?

Mkulima wa Ifunda
Sinywi ulanzi wala kitu kingine chochote, na ninakuomba usimwandikie mtu usiyemjua maneno ya namna hiyo. Njoo shambani kwangu uone nani anayelima.

Mzee wa Kihesa
Ulanzi ulikuwapo wakati wa babu zetu, na maziwa yalikuwapo pia. Ng'ombe tuliwauza, malisho yakawa mashamba ya mahindi ya kuuza. Huko ndiko mngeanzia, badala ya kumshambulia kijana wa Ifunda.

Mama Lupembe
Mimi sikutaja ulanzi. Nilitaja ufunguo na saa. Tena nina pendekezo, na nililisema katika mkutano wa kijiji, nikaambiwa lisubiri hadi baada ya mavuno. Msimu wa kupanda, kila kitongoji kiwe na nyumba moja ya kulelea watoto mchana, akina mama wawili wabaki kwa zamu na kupika uji mzito wenye karanga, na kila kaya ichangie nusu debe la maharage na dagaa kidogo. Baada ya mavuno ninyi baba mmekwisha kuuza, tutachangia nini?

Mkulima wa Ifunda
Nusu debe natoa, hata debe zima natoa, kabla dalali hajafika. Ila hesabu ya kilichoingia na kilichopikwa isomwe mkutanoni kila mwezi.

Mama Lupembe
Isomwe, na ufunguo wa stoo hiyo ukae kwa wanaopika.