Kumpeleka mama Stourhead: ataweza kutembea?

Habari za siku, ndugu zangu. Mama yuko nasi Reading hadi mwisho wa Oktoba, na magoti yanamsumbua. Kuna aliyezunguka bustani ya Stourhead, kule Wiltshire? Majengo ya zamani atayafikia, au atachoka bure?

---

Dada, mfikishie mama shikamoo yangu. Mpeleke, na Oktoba ndiyo yenyewe, majani yanapogeuka rangi. Kama mnakwenda kwa treni, shukeni Gillingham ya Dorset. Iko nyingine Kent, tiketi ikikosewa siku imeharibika. Teksi iwekeni mapema.

Ingieni upande wa kijiji cha Stourton, msimame kwanza penye Msalaba wa Bristol, ule wa zama za kati ambao Henry Hoare, mwenye bustani hii, aliuhamishia hapo miaka ya 1760. Mbele yenu kuna daraja la mawe la matao matano, limeota nyasi juu, na ng'ambo ya ziwa mnaiona Pantheon, hekalu la kupamba lenye kuba. Hata magoti yakigoma pale pale, mama ameshaona kilicho bora.

Hoare alikuwa mwenye benki London. Aliziba bonde likawa ziwa, kisha yeye na msanifu Henry Flitcroft wakapanga kila jengo lionekane kutoka kwa jingine, maji yakiwa katikati. Ndiyo maana nasisitiza mwelekeo: ziwa libaki mkono wa kushoto. Mtaanza na hekalu la Flora la miaka ya 1740, mpite pangoni, mfike Pantheon yenye sanamu ya marumaru ya Hercules, shujaa wa hadithi za kale, iliyochongwa na Rysbrack. Mama akiuliza, mwambie hakuna anayeabudu humo. Ni majengo ya kupamba tu, kwa mtindo wa Warumi wa kale.

Pangoni muwe waangalifu. Limejengwa kwa mikono, lina giza, chini kokoto zenye unyevu. Maji ya chemchemi yanapita chini ya sanamu ya mwanamke aliyelala, na kwenye ukuta wa mwamba kuna tundu ambalo ziwa linajitokeza ghafla. Mimi hukaa hapo muda mrefu kuliko popote. Mama asilazimishwe kuingia. Hekalu la Apollo la 1765 liko mlimani, hilo waachieni vijana.

---

Naongezea. Watoto waelezwe na pesa zilikotoka. Mwaka 1720 benki ya akina Hoare ilipata faida kubwa kwenye hisa za South Sea, kampuni iliyokuwa na mkataba wa kupeleka Waafrika utumwani katika makoloni ya Hispania. Wangu niliwaambia tukiwa mbele ya Pantheon, wakauliza maswali hadi tunafika kwenye gari.

Kuhusu gharama: mwanachama wa National Trust, shirika linaloitunza Stourhead, halipi kiingilio wala maegesho. Na anayemsindikiza mtu mwenye ulemavu huingia bure kwa kadi maalumu, iombeni kabla ya safari.