MJADALA: Binti wa miaka 16 apewe sindano ya miezi mitatu bila kuambiwa habari ya mifupa?

Wakuu, ubishi wa depo, ile sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu, umerudi tena. Kuna wanaosema sindano inakula mifupa ya mabinti zetu ipigwe marufuku, na kuna wanaosema hizo ni porojo za kuwatisha wanawake wazae kila mwaka. Mi naona wote mnaruka jambo lenyewe, ngoja niliweke halafu mnibishie.

Mfupa ulio hai unabomolewa na kujengwa upya maisha yote. Wanaobomoa ni seli zinaitwa osteoklasti, zinatokana na seli changa za damu, ukoo mmoja na zile zinazomeza vijidudu. Seli changa ina kipokezi kinaitwa RANK, sasa seli za upande wa ujenzi zikitoa kitu kinaitwa RANKL kikanasa pale, ile changa inakomaa, zinaungana kadhaa zinakuwa seli moja kubwa yenye viini vingi, inajibandika kwenye mfupa inamwaga asidi na kuuyeyusha. Anayezuia fujo hapo ni estrojeni, homoni ya kike inayotoka hasa kwenye ovari. Inapunguza RANKL, inaongeza protini nyingine inayoidaka RANKL kabla haijafika, na juu ya hapo osteoklasti yenyewe ina kipokezi cha estrojeni ndani yake, ikipokea ujumbe inakufa mapema. Mwaka 2007 watafiti wa Japani walikiondoa kipokezi hicho kwenye osteoklasti peke yake, panya majike wakapoteza mfupa kama mama aliyekoma hedhi.

Na wanaume msijitoe. Mwaka 1994 Marekani iliripotiwa habari ya kijana wa miaka 28 ambaye kipokezi chake cha estrojeni hakifanyi kazi, alikuwa na urefu unaozidi mita 2, bado anarefuka, na mifupa myepesi vibaya.

Sasa depo inaingiaje? Inatuliza tezi ya ubongoni inayoamrisha ovari, yai halipevuki, ndo maana mimba haiingii, lakini estrojeni nayo inashuka na wale wabomoaji wanaishi muda mrefu zaidi. Kuna wataalamu tangu 2006 wanadai mkosaji mkubwa ni homoni ya FSH, ile ya tezi ya ubongoni inayosukuma ovari, kwamba inawasha osteoklasti moja kwa moja, ila mtu wa depo FSH yake haipandi kama ya aliyekoma hedhi na mfupa bado unapungua, kwa hiyo mi nashikilia estrojeni.

Kwa anayechoma miaka 5 mfululizo, msongamano wa mfupa wa nyonga na uti wa mgongo unashuka kama asilimia 5 hadi 6. Akiacha unarudi, kwa wengi ndani ya miaka michache. Mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2004 iliweka onyo lao kali kabisa, kwamba isizidi miaka 2 labda njia nyingine zikushinde. WHO wanasema miaka 18 hadi 45 hakuna kizuizi, chini ya 18 faida kwa kawaida inazidi hatari.

Hapo chini ya 18 ndo pangu. Umri huo mfupa bado unajengwa, akiba ya kuzeekea nayo inawekwa pale pale.

Sitaki marufuku, niseme wazi. Mnaoitaka nijibuni, binti akikosa sindano akapata mimba na 16 zake, kifafa cha mimba nani anakibeba? Na kunyonyesha nako kunashusha mfupa, mnalijua hilo? Halafu wengi wanachagua sindano kwa sababu haionekani, kijiti cha uzazi wa mpango kinakaa chini ya ngozi ya mkono, mtu akikushika anakigusa, nyumbani kunawaka moto.

Lakini nanyi mnaosema porojo, onyo lipo kwenye maandishi ya dawa yenyewe, kwa nini binti asilisikie? Mi nataka nesi amwambie kwa Kiswahili cha kawaida kwamba hii inapunguza mfupa kwa muda, kijiti hakishushi estrojeni kiasi hicho, chagua. Amuulize kama anatumia tenofovir ya ARV, au prednisoloni ile dawa ya pumu na uvimbe, maana nazo zinapunguza mfupa. Na akifikisha miaka miwili waongee upya, asichomwe tu kwa mazoea.

Najua mtasema foleni ni ndefu nesi yuko mmoja, na kwamba ukimtajia mifupa atakimbia asirudi. La foleni nalielewa kabisa. La kukimbia nalikataa, binti aliyejua mwenyewe kutafuta uzazi wa mpango ana akili ya kupima mambo mawili. Mliowahi kukaa upande wa kuchoma hiyo sindano, semeni, chini ya miaka 18 huwa mnawaambia au hamuwaambii?