Sungura wa mwanangu anatikisa kichwa, sikio limejaa ukoko. Nifanyeje?

MamaTui_Mikindani
Wakuu, habarini za jioni. Nina sungura wanne hapa Mikindani, ni wa mwanangu wa darasa la nne, si wa kuchinja. Mmoja, jike anaitwa Tui, hii wiki ya pili anatikisa kichwa na kujikuna kwa mguu wa nyuma mpaka manyoya nyuma ya sikio yamekwisha. Nilidhani mbu. Jana nikamshika, nikachungulia na tochi ya simu: ndani kuna ukoko wa kahawia, tabaka juu ya tabaka kama gome la mwembe, na unanuka. Nikajaribu kuubandua. Alipiga ukelele, sikujua kama sungura ana sauti ile, na damu ikatoka. Nikaacha. Mtaalamu mmoja niliyemuuliza alicheka, akasema sungura si mifugo. Naombeni msaada.

Mkorosho_Newala
Pole dada. Huo ni utitiri, vijidudu vidogo vya ngozi. Salfa ya korosho si mnayo huko? Changanya kidogo na mafuta ya nazi, paka ndani. Mbwa wangu alikuwa na upele, nilimpaka hivyo akapona.

Banda_la_Lindi
Mkorosho, subiri kwanza. Kwamba ni utitiri nakubali. Ila salfa ile ni ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, imetengenezwa kwa ajili ya miti. Sungura akishawashwa anajipangusa uso kwa miguu ya mbele, kisha anailamba miguu. Kitakachowekwa sikioni kitafika machoni na tumboni. Na kuna watu hawaishii kwenye salfa, wanachovya hadi viuatilifu vya kuulia wadudu wa korosho. Hiyo ni kumuua mnyama.

Dada, kwanza usibandue tena. Utitiri huyu hachimbi ndani ya ngozi, anakaa juu yake na kuichokoza, majimaji yanatoka, yanakauka pamoja na uchafu wake, ndiyo huo ukoko. Chini yake ni kidonda kibichi. Utitiri wakishakufa ukoko unadondoka wenyewe. Ukitaka kumpunguzia mateso, matone machache ya mafuta safi ya kula yanaulainisha. Sisi huku tunatumia ya ufuta.

Dawa yenyewe ni aivamektini, sindano ya chini ya ngozi. Na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Chupa ya dukani ni ya asilimia 1, imepangwa kwa ng'ombe na mbuzi, kila mililita ina miligramu 10. Sungura kipimo chake huanzia miligramu 0.2 kwa kilo. Wa kilo 2 anahitaji miligramu 0.4, yaani mililita 0.04! Kwa bomba la mbuzi huwezi hata kuiona. Daktari wa mifugo atatumia bomba dogo la insulini, lile la vipimo 100 kwa mililita, na hapo ni vipimo 4 tu. Usikadirie kwa jicho. Sindano hairudiwi kesho wala keshokutwa. Inarudiwa baada ya siku 10 hadi 14, kwa sababu dawa haiui mayai, na utitiri kutoka yai hadi kutaga huchukua kama wiki tatu.

Shangazi_Shangani
Naongezea. Angalia kichwa: kikiinama upande mmoja, au akizunguka na kuanguka, ugonjwa umeingia ndani ya sikio, mpeleke leo hii. Usaha mweupe bila ukoko ni kitu kingine. Nta ya njano kidogo ni kawaida, msihangaike nayo. Ukiona magamba puani na kwenye vidole, huo ni utitiri wa aina nyingine, nao unaweza kumwasha hata mtoto anayempakata. Na ile dawa ya viroboto vya mbwa yenye fipronili, HAPANA, sungura wanakufa nayo.

MamaTui_Mikindani
Asante shangazi, kichwa kiko sawa. Na hawa watatu wengine? Hawajikuni.

Banda_la_Lindi
Wote wanne, siku moja. Nyasi za banda choma moto, mbao sugua kwa maji ya moto, lianike juani mpaka likauke kabisa. Utitiri anaweza kuishi nje ya mnyama hadi wiki kadhaa, hasa penye unyevu, na Mikindani unyevu hamkosi.

MamaTui_Mikindani
Wakuu, leo siku ya 12, naleta mrejesho. Nilimpata daktari Mtwara mjini. Tui tulimpima kwa mizani ya jirani yangu muuza samaki, kilo 1.9. Wenzake wawili walikuwa na magamba madogo kule chini kabisa ya sikio na wala hawajikuni, nisingejua. Ukoko wa Tui ulianza kumwagika siku ya sita, sasa ngozi ni ya waridi, manyoya bado. Anakula majani ya viazi kama ana deni nayo. Sindano ya pili ni Jumamosi. Mwanangu ametoa amri hakuna mtu kumbeba sungura kwa masikio, hata mimi.

Mkorosho_Newala
Hongera dada. Salfa yangu naibakiza kwenye mikorosho. Ila hiyo mizani, mwenye samaki anajua mlimpima nini?