Chonge mbili za chini zimebaki: zing'olewe au zibaki?

Binti_wa_Pili

Habari zenu wakuu. Mama ana miaka 71. Juu hana jino hata moja, chini zimebaki chonge mbili, kulia na kushoto, na hazitikisiki. Ameshauriwa zing'olewe atengenezewe seti kamili ya meno ya bandia juu na chini, kwamba ndiyo rahisi. Je, kuna faida ya kuziacha? Akizing'oa atasubiri muda gani? Na utunzaji ukoje, maana kila mtu anasema lake.

Tabibu_Kinywa

Apigwe eksirei kwanza. Kama angalau nusu ya mzizi imeshikwa na mfupa na fizi haitoi usaha, msikubali kung'oa haraka. Taya la chini ndilo lenye kazi. Seti ya juu hukaa kwa kunyonya: bamba lake linafunika kaakaa, mate yanatanda katikati kama utando, na ukingo wa nyuma unazuia hewa isiingie. Ya chini ni ukanda mwembamba uliopinda, na ulimi unausukuma kila anapomeza au kuongea. Halafu jino likitoka, mfupa uliolishika huanza kunywea, kwa kasi kubwa zaidi mwaka wa kwanza, na hauachi. Mzizi ukibaki, mfupa wa hapo unabaki.

Ila chonge zisiachwe na urefu wake wote. Meno halisi ya mbele chini yakigonga seti kamili ya juu miaka na miaka, fizi ya mbele ya juu inabeba kishindo chote. Mfupa unaliwa, inabaki nyama laini inayobonyea, na seti ya juu haitulii tena. Ushauri wangu: mizizi itibiwe, vichwa vikatwe vibaki kama milimita 2 juu ya fizi, kisha seti ya chini ivikwe juu ya visiki hivyo.

Hatari ya njia hii ni kuoza. Visiki vinafunikwa mchana kutwa na mate hayavifikii, kwa hiyo vipigwe mswaki asubuhi na usiku kwa dawa ya meno yenye floraidi. Asiyeweza kufanya hivyo kila siku, ni bora ang'oe tu.

Na kama anatumia dawa za kuimarisha mifupa, hasa za kundi la bisfosfoneti, amwambie daktari kabla ya jino lolote kuguswa. Taya linaweza kugoma kupona.

Fundi_Nta

Upande wa maabara. Akizing'oa, fizi huziba baada ya wiki chache, lakini umbo lake hutulia baada ya miezi 3 hadi 6. Inawezekana kuvishwa seti siku ileile ya kung'oa. Hiyo haivuliwi saa 24 za kwanza, kwa sababu fizi ikivimba wakati seti iko nje, hairudi. Na ijulikane mapema kwamba italegea ndani ya miezi na kuhitaji kutiwa bitana mpya, yaani tabaka jipya upande unaogusa fizi.

Seti ya kawaida huchukua kama ziara tano: chapa ya kwanza ya fizi, chapa ya pili kwa trei iliyotengenezwa kwa mdomo wake mwenyewe, kupima taya zinavyokutana kwa kingo za nta, kujaribu meno yakiwa bado kwenye nta, kisha kukabidhiwa. Ziara ya nne msiipitishe kwa haraka! Akae mbele ya kioo, aongee, atabasamu, ahesabu 60 hadi 70. Rangi, urefu na mpangilio wa meno hubadilishwa hapo kwa dakika chache. Ikishakuwa akriliki, yaani plastiki ngumu ya seti, ni kuanza upya.

Kitu kingine: watu wakihisi kichefuchefu huomba bamba la nyuma likatwe. Likikatwa kupita kiasi, kule kunyonya kunakufa.

Mlezi_wa_Wazee

Utunzaji sasa. Avue meno usiku, ayaweke kwenye maji ya kawaida. Akriliki ikikauka hupoteza umbo, na maji ya moto huipinda. Ayasugue kwa brashi laini na sabuni ya maji, siyo dawa ya meno, kwa kuwa ile ina chembe zinazokwaruza, na kwenye mikwaruzo ndipo fangasi hujificha. Atandaze taulo kwenye beseni kabla ya kuanza, kwani mengi huvunjika yanapoponyoka mkononi. Fizi, ulimi na kaakaa navyo visuguliwe.

Kaakaa likiwa jekundu hasa pale bamba linapokaa, mara nyingi ni fangasi, hata kama hakuna maumivu. Ni lazima seti nayo isafishwe, siyo kutibu mdomo peke yake. Akriliki tupu inaweza kulowekwa kwenye dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, dakika zisizozidi 10, kisha isuuzwe sana. Yenye chuma isiguse klorini, itapata kutu, tumia klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu.

Binti_wa_Pili

Asanteni sana, hapo kwenye kukata vichwa sikuwa nimeambiwa kabisa. Yakimchubua, nisugue kwa tupa? Na gundi je?

Tabibu_Kinywa

Tupa hapana. Kinachochubua mara nyingi ni milimita moja, na sehemu unayoidhani siyo yenyewe. Ayavae siku moja kabla ya kuja kliniki ili alama ionekane kwenye fizi, nasi tupunguze hapo tu. Vidonda vya wiki ya kwanza ni vya kawaida; kidonda kisichopona wiki mbili baada ya seti kurekebishwa kichunguzwe.

Gundi ni matone matatu au manne yenye ukubwa wa punje ya njegere, kwenye seti iliyokauka. Achague isiyo na zinki, kwani zinki nyingi kwa muda mrefu huharibu neva. Akianza kuongeza kiasi kila mwezi, gundi siyo dawa tena: seti imelegea, irudi kutiwa bitana. Na ikivunjika, alete vipande vyote bila kuviunga kwa gundi ya dukani, maana kingo zikishapakwa gundi hazikutani tena sawasawa.