Nembo ya televisheni ya taifa: ibadilishwe au iachwe? Tujadili

Wakuu, salaam kutoka Mwanga, Kigoma. Kijiweni kwetu hoja imepamba moto. Vijana wanaofanya kazi za kubuni matangazo wanasema TBC ivue nembo yake, ivae mpya ya kisasa, nyepesi, isiyo na mbwembwe, kama televisheni za umma za nje. Mimi napinga, na wala siyo kwamba napenda mambo ya kale. Napinga mpaka mtu aniambie ni kazi gani nembo iliyopo imeshindwa kuifanya.

Tazameni waliobadilisha. BBC walikuwa na visanduku vitatu vilivyoinama, chini yake vistari vya rangi. Mwaka 1997 mbunifu Martin Lambie-Nairn akavisimamisha wima na zile rangi akaziondoa. Mistari ya mshazari ilikuwa haitulii kwenye kioo, na kuchapa rangi nyingi ni gharama. Hapo nawaelewa. Wakaigusa tena 2021: herufi mpya, visanduku vikaachana kidogo, basi. Kuna Waingereza wanaoilipia BBC ada ya leseni ya televisheni waliouliza tofauti iko wapi, na mimi ningeuliza hivyo hivyo.

Kwetu mabadiliko makubwa yalikuja na chombo chenyewe kubadilika. TVT, yaani Televisheni ya Taifa ya wakati huo, na Radio Tanzania Dar es Salaam ziliwekwa chini ya Taasisi ya Utangazaji Tanzania, kisha kwa amri ya mwaka 2007 likaundwa shirika, ndiyo TBC. Jina likishabadilika nembo haina budi. Na bado wapo wazee Ujiji ukiwauliza habari wamezipata wapi, watakwambia Redio Tanzania.

Halafu nendeni mabanda ya mpira pale Kibirizi. TV ya chogo, king'amuzi kimewekwa picha ivutwe mpaka ijaze kioo. Alama ya chaneli kule kona ya juu imekatwa nusu, na kama ni ya duara basi imeshakuwa yai. Mbunifu wa Dar es Salaam anayechora kwenye kompyuta ya kioo kipana hilo halioni. Karibuni.

Mchangiaji wa Gungu: Mleta mada, banda lako la Kibirizi linaniunga mkono mimi. Kama alama inaharibika kwenye kioo kibovu, dawa ni kuirahisisha. CBC, shirika la utangazaji la umma la Canada, ilikuwa na nembo ya mbunifu Burton Kramer ya mwaka 1974, vipande 25. Mwaka 1992 wakapunguza hadi 13, na mtu akiiona bado anaijua ni ile ile. Mimi ndicho ninachotaka, kupunguza. Nyie mnasikia "kubadilisha" mnadhani tunaenda kuzika.

Pia kioo cha kwanza siku hizi ni simu. Habari inafika kwenye kundi la WhatsApp ikiwa na nembo ndogo pembeni, na matapeli wanaibandika kwenye habari za uongo. Chombo cha umma kikiwa na mwonekano mmoja, rangi zile zile, herufi zile zile kila mahali, feki inaonekana haraka.

Mchangiaji wa Kasulu: Ndugu zangu, mchoro ni bei ndogo. Hesabuni magari ya kupakwa rangi upya, mabango, vitambulisho, mapazia ya studio, ile sponji ya maikrofoni anayosogezewa mkuu wa wilaya. Hiyo ni kodi. Sisi wa mpakani redio za Bujumbura zinaingia bila kuzitafuta, kwa hiyo mtu akiniletea bajeti ya utangazaji naanza kuuliza mitambo. Nembo iwe ukurasa wa mwisho.

Mleta mada: Mkuu wa Gungu, suala la matapeli nakupa, ingawa anayeghushi nembo ya zamani ataghushi na mpya jioni hiyo hiyo. Basi tuweke masharti. Kabla ya kubadilisha, shirika litangaze sababu na bei. Mchoro ujaribiwe kwenye TV ya chogo na simu ya bei rahisi, huku Kigoma na siyo ukumbini tu. Vifaa vibadilishwe kadiri vinavyochakaa, gari likifika zamu ya kupakwa ndipo lipakwe. Na wananchi waoneshwe michoro miwili mitatu wachague.

Mchangiaji wa Kasulu: Hapo kwenye magari nimekaa.

Mchangiaji wa Gungu: Yote nakubali kasoro hilo la kuchagua. Watu waulizwe kama wanaisoma, kama wanaitambua kwa mbali, sawa. Lakini nembo ukiiweka kwenye kura ya wananchi, mzee wangu, wiki ya pili tu itakuwa na twiga, Mlima Kilimanjaro, mwenge na mgebuka wa Ziwa Tanganyika, vyote humo humo, halafu tuirudishe Kibirizi kwenye TV ya chogo.

Mleta mada: Mgebuka ubaki. Hayo mengine tuzungumze.