Shirika limeondoka, uji shuleni umesimama. Tusajili la kwetu au kuna njia nyingine?

mama_mahindi (Mufindi)

Kamwene wadau, poleni na baridi. Niko Mufindi, kata moja ya huku juu kwenye misitu ya mbao, ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ambayo wanangu wawili wanasoma. Naomba ushauri na naomba mniambie ukweli hata kama hautanifurahisha.

Miaka minne tulikua na shirika hapa kwetu. Walileta uji wa saa nne, unga wa mahindi umechanganywa na soya, wakajenga jiko la kuni chache na stoo ya bati, mpishi wakamlipa elfu sitini kwa mwezi, mabinti wa darasa la sita na la saba wakawa wanapewa taulo za kike. Alafu kulikua na akina mama wawili wa kujitolea, hao kazi yao ilikua kupita nyumba kwa nyumba kumuulizia mtoto ambaye hajaonekana shule. Mwaka jana ufadhili ukakatika, mwezi wa pili wakaja na gari wakachukua kompyuta na pikipiki, wakatuaga vizuri tu, yule dada wao wa mradi alilia mbele ya watoto. Toka siku ile sufuria imelala kifudifudi kwenye stoo na panya nadhani wameshazaliana humo.

Wa kwangu wa darasa la pili anatoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro kuna giza na ukungu, anatembea karibu saa nzima, anarudi saa tisa hajatia kitu tumboni. Mwalimu wake kaniambia ikifika saa tano wanaanza kulala kwenye madawati, na sio mmoja, ni nusu ya darasa. Na huku ndo tunalisha nchi mahindi, viazi, maharage! Utafiti wa afya wa 2022 ulisema mkoa wa Iringa karibu watoto 57 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati nchi nzima ni 30. Sasa hao wa chini ya miaka mitano wa 2022 ndio hawa hawa wako darasa la kwanza na la pili leo, mimi nawaona kila siku, mtoto wa miaka nane unamdhania wa mitano.

Wenzangu kwenye kamati wanasema tusajili shirika letu tutafute mfadhili mwingine. Mwenyekiti wa kijiji anasema tuisubiri serikali. Kusajili kunaanzia wapi, kuna gharama gani, na je itasaidia kweli au tutazunguka tu na makaratasi?

Mzee_Ipogolo

Kamwene mwanangu, pole sana. Nimefanya kazi maendeleo ya jamii miaka mingi, sasa nimestaafu, nitakueleza ninavyojua.

Shirika lisilo la kiserikali linasajiliwa kwa Sheria Na. 24 ya 2002, msajili yuko wizara ya maendeleo ya jamii. Sio lazima liwe la taifa, unaweza kusajili ngazi ya wilaya au mkoa. Mtahitaji katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye sahihi za waliohudhuria, wasifu na picha za viongozi, alafu mnaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa wilaya awape barua. Maombi yenyewe siku hizi ni kwa mtandao. Mpaka hapo sio kugumu kama watu wanavyotishana.

Ugumu unakuja baadae. Kuna ada ya kila mwaka, kuna ripoti ya mwaka, na hesabu lazima zikaguliwe na mkaguzi ambaye naye hakagui bure. Toka sheria ilipofanyiwa marekebisho 2019 cheti chenyewe kina miaka kumi, baada ya hapo unahuisha. Ukipata ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 kanuni zinataka uuweke wazi kwa umma. Mimi siyalaumu haya masharti, hela iliyoombwa kwa jina la watoto lazima ionekane ilipokwenda. Ila nimeona mashirika madogo mengi sana, watu wazuri kabisa wenye nia safi, yamesajiliwa kwa shangwe na mwaka wa pili hayana hata hela ya ada, viongozi wanakimbia simu.

Lililodumu ninaloliona kwa macho yangu hapa Iringa mjini ni Neema Crafts, lilianza 2003 chini ya dayosisi ya Anglikana ya Ruaha na vijana watatu viziwi wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Leo wana karakana na mgahawa, watu wenye ulemavu wanafanya kazi pale wanalipwa. Wana kitu mkononi wanauza. Nyie uji mtaugawa, hamtauuza, kwahiyo mkisajili shirika la uji mtakua mnaishi kwa kuomba mwaka hadi mwaka. Ushauri wangu anzeni na kamati yenu ya shule ambayo tayari ipo kisheria, shirika mtasajili siku mkiwa na kazi inayozidi uwezo wa kamati.

dada_wa_Makambako

Shikamoo mzee. Nakubaliana na wewe kwenye uji lakini naomba nisimame hapo kwa wale akina mama wawili waliokua wanapita majumbani, maana naona wote mmewapita haraka na mimi ndio ilikua kazi yangu miaka mitano.

Njombe maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 kwa utafiti wa 2022/23, Iringa 11.1, nchi nzima 4.4. Hiyo maana yake kila darasa huku kwetu lina watoto waliolelewa na bibi, na lina watoto wanaokunywa dawa na hawajui kwanini. Nilikua na kijana wa miaka kumi na mbili, utoro ulimzidi, mwalimu akajua ni mkaidi. Nilivyoenda kwao bibi akaniambia mjukuu wangu dawa anameza vizuri kila siku. Nikakaa, nikanywa chai, nikamsaidia kupukuchua mahindi, jioni mtoto mwenyewe ndo akanionesha kopo la kahawa limejaa vidonge juu ya kenchi, miezi miwili hajameza kwasababu wenzake walimwona akimeza wakamcheka. Kwenye fomu za mradi ile siku yote imeandikwa "kaya imetembelewa".

Rais wa Marekani aliposimamisha misaada Januari 2025 sisi tulipata meseji ya wasap jioni kwamba kesho msitoke. Hakukua na muda wa kumkabidhi mtu yeyote hao watoto. Nilikua nao 38. Hadi leo natembelea watatu tu wale walioko njia ninayopita kwenda shamba, waliobaki sijui nani anawaangalia na hiyo inaninyima usingizi kuliko mshahara niliopoteza.

Kwahiyo mama, mzee kasema msikimbilie kusajili, sawa, lakini msijidanganye kwamba kila kitu wazazi mtachanga debe mkamaliza. Kuna kazi inataka mtu aliyefundishwa, anayetunza siri, na anayelipwa angalau nauli. Watafuteni wale akina mama KESHO, waulizeni nani yuko kwenye dawa nani ameacha shule, ila yale ya kliniki yasisomwe kwenye kikao cha wazazi kamwe, wapelekeni kwa muuguzi wa zahanati.

Mwl_Uyole

Mimi ni mwalimu wa msingi Mbeya, tulipitia hili hili. Mama nakupa hesabu kama tulivyoifanya ubaoni mbele ya wazazi maana ukiongea bila hesabu kila mtu anaona mzigo ni mkubwa kuliko ulivyo.

Chukulia watoto 300, mtoto mmoja gramu 50 za unga kwa kikombe, hiyo ni kilo 15 kwa siku. Siku za masomo ni 194 kwa mwaka, jumla inakua kama kilo 2,900, yaani gunia 29. Kama wazazi ni kaya 160 na kitu inakuja kilo 18 kwa kaya, hilo ni DEBE MOJA LA MAHINDI KWA MWAKA, basi. Na msichangishe hela, changisheni mahindi, na msichangishe Januari wakati kila nyumba imeishiwa na kuna sare na madaftari, changisheni sasaivi wakati wa kuvuna mahindi bado yako uani. Sisi mwaka wa kwanza tulidai hela mwezi wa kwanza tukapata kaya 20, mwaka wa pili tukadai debe mwezi wa saba tukapata karibu wote.

Kuna watu watawaambia elimu ni bure toka 2016 hamruhusiwi kuchangisha. Waraka Na. 3 wa 2016 ulishafafanua, chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni jukumu la mzazi. Ila kumbukeni mtoto ambaye kwao hawajaleta asinyimwe uji wala asirudishwe nyumbani, hilo likitokea hata mara moja mtakua mmeharibu kitu chote.

Swali langu moja, miaka yote minne ufunguo wa stoo alikua anashika nani? Mimi nimefanya kazi na mashirika matatu, moja lililotuacha tumesimama ni lile lililoleta mahindi nusu tu toka siku ya kwanza, likatuambia nusu ni yenu, na ufunguo wakampa mzazi. Walipoondoka watoto hawakujua kama kuna mtu kaondoka.

neysoweto

Mama kwenye taulo za kike, sisi Mbeya mjini kikundi chetu tunashona za kitambaa zinazofuliwa, fundi mmoja na cherehani moja anatosha kwa shule nzima. Ila shuleni pawe na maji na choo chenye kitasa, bila hivyo binti atabaki nyumbani hata umpe za dukani.

mama_mahindi (Mufindi)

Asanteni jamani, nimesoma yote mara mbili na nimemsomea mwenyekiti. Nilichelewa kujibu kwasababu nilitaka nirudi na kitu.

Mwalimu swali lako lilinichoma. Ufunguo alikua nao afisa wa mradi, akamwachia mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akahamishwa akaondoka nao, yani mwaka mzima na zaidi tunaangalia kufuli hakuna aliyeuliza. Jumamosi tulikata kufuli mbele ya kamati. Tumekuta sufuria mbili, viroba vitupu, vikombe kama 200, na daftari la wale akina mama, majina 41. Kati yao sita hawapo shule kabisa, mmoja ni binti aliyejifungua mwaka jana na hakuna aliyemwambia kwamba toka waraka wa 2021 anaruhusiwa kurudi darasani. Keshokutwa naenda kwao mwenyewe.

Kaya tumezihesabu ziko 163. Kikao kimepita, debe moja moja, bibi wanaolea wajukuu peke yao tumewatoa. Mpishi kakubali kuanza kwa kulipwa mahindi mpaka mwezi wa tisa. Ufunguo mpya anao mama mmoja anayekaa jirani na shule na wa pili uko kwa mwenyekiti wa kamati. Kusajili tumeacha kwanza. Dada wa Makambako nimekuandikia inbox, yule mama mmoja wa kujitolea yupo bado na anataka kuendelea, naomba umfundishe mlivyokua mnafanya na zahanati.

Jumatatu tunapika. Mwiko mrefu nao umepatikana, panya wameutafuna kwenye mpini lakini unafaa.